Gari lisilo namba nalo hulipwa: kudai bima ukiwa Pemba

Gari limeshuka Mkoani. Halina kibao mbele wala nyuma. Pahali pa namba pana matundu ya skrubu tu. Bampa la mbele limepasuka upande wa kushoto na taa ya ukungu inaning'inia kwa waya. Karani wa chombo anasema ndivyo lilivyopakiwa Malindi, Unguja, na waliolipakia Malindi hawapo. Waliosimama gatini wana ushauri mmoja tu: sahau bima, gari halijasajiliwa.

Usisahau. Ushauri huo si sahihi, na anayeufuata hubeba mwenyewe hasara ambayo pengine ilikuwa na mlipaji.

Bima hukatiwa gari lenyewe, na kinachotambulisha gari ni namba ya chasisi: ile iliyogongwa kwenye chuma na kurudiwa kwenye kila hati tangu Japan. Kibao cha Z, yaani cha usajili wa Zanzibar, huja baadaye. Ni kweli kwamba sheria ya Zanzibar inataka gari lisajiliwe ndipo litembee barabarani, na kwamba kulitembeza bila usajili kunaweza kukuharibia dai, tutalifikia hilo. Lakini kutosajiliwa peke yake hakufuti bima uliyoilipia. Kampuni itataka kujua kama gari ni hilo, kama ni lako, na kama hasara ilitokea ndani ya safari na siku zilizoandikwa kwenye bima. Kazi yako yote ni kujibu maswali hayo kwa karatasi.

Liliharibikia wapi?

Anza hapa, maana gari la kuagiza likija Pemba hupita kwenye bima zaidi ya moja, na dai lililopelekwa kwa kampuni isiyohusika hukulia wiki ambazo huna.

Baharini, kutoka Yokohama, Nagoya au Kobe hadi Malindi au Dar es Salaam, inayohusika ni bima ya shehena. Tazama ankara yako. Bei ikiwa imeandikwa CIF, muuzaji amekata bima na una haki ya kupata cheti chake. Mwandikie akutumie leo hii. Ikiwa imeandikwa C&F au FOB, bima haimo kwenye bei na ilikuwa juu yako kuikata. Sheria ya Bima ya mwaka 2009, inayotumika Bara na Zanzibar, inamtaka mkaazi wa Tanzania akate bima kwa kampuni za hapa nchini. Wako wanaoliona hilo kama usumbufu. Mimi naliona ni nafuu kubwa, kwa sababu dai unalifuatilia Chake Chake au Unguja, ana kwa ana, badala ya kubembelezana kwa barua pepe na mtu wa Tokyo.

Pengo liko kati ya Malindi na Pemba. Cheti cha shehena mara nyingi hutaja bandari ya Zanzibar kuwa ndiyo mwisho wa safari, na bandari hiyo ni Malindi. Kutoka hapo kwenda Mkoani au Wete ni safari nyingine, chombo kingine, na mara nyingi hakuna bima yoyote inayoifuata. Tiketi ya gari uliyokata melini si bima. Sisi tuliozika watu wa MV Spice Islander I, iliyozama mbele ya Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea huku kwetu, hatuhitaji kuambiwa kwamba mkondo ule si wa kudharau. Mwambie wakala wa bima aandike bandari ya Pemba kuwa ndiyo mwisho wa safari, au akukatie bima ya mzigo kwa kuvuka tu. Ukiwa umeshavuka bila ya hiyo, dai lako litakuwa dhidi ya mwenye chombo, na ushahidi wa gatini ndio utakaokubeba.

Likishakanyaga nchi kavu, bima ya shehena imekwisha au iko ukingoni. Hapo unahitaji bima ya gari. Kampuni hutoa kavanoti, yaani hati ya muda ya bima, kwa namba ya chasisi pekee ili gari lipelekwe kwenye ukaguzi na usajili. Kumbuka tofauti ya bima kubwa na bima ndogo: kubwa hulipa na gari lako; ndogo humlipa uliyemuumiza au kumharibia mali yake, wewe haikulipi hata kioo. Kama uliambiwa "gari lina bima" na stika ikawa ya bima ndogo, gari lako halina mlipaji isipokuwa aliyelaumiwa ni dereva mwingine.

Kuna na gari lililokaa uani miezi, linangoja pesa za usajili. Nazi huanguka, masika hujaza maji bondeni, moto hutokea. Gari la namna hiyo linaweza kukatiwa bima ya moto na wizi likiwa limesimama, na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kama hukuikata, hakuna barua itakayoileta sasa.

Kabla ya kuandika lolote, hakikisha bima yako ipo kweli. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ina mfumo wa mtandaoni ambamo kila stika na kavanoti halali huonekana. Ingiza namba ya stika au ya chasisi. Bima isipoonekana, rudi kwa wakala aliyekuuzia ukiwa na risiti mkononi kabla hujaenda kokote. Na kama chasisi imekosewa hata herufi moja, omba irekebishwe kwa maandishi na ueleze wazi kwamba hasara imeshatokea. Ukificha hilo, utakuwa umewapa sababu ya kukukatalia.

Gatini

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu madai mengi ya gari lisilo namba hushinda au hufa kabla gari halijatoka getini.

Usiliwashe na usilifute vumbi. Lipige picha pande zote nne, na angalau picha moja ionyeshe meli au gati nyuma yake. Piga kibati cha chasisi mpaka herufi zisomeke. Piga mita ya kilomita. Kisha piga palipoharibika, kwa mbali ili ijulikane ni sehemu gani ya gari, na kwa karibu ili mkwaruzo uonekane kama ni mpya: chuma kilichokwaruzwa leo hung'aa, cha mwezi uliopita kimeshaanza kutu kwa chumvi ya bahari. Mkadiria hasara anaijua tofauti hiyo, na picha yako ikiionyesha umemaliza nusu ya ubishi.

Fungua buti. Tazama tairi la spea, jeki na spana ya magurudumu. Tazama redio. Magari ya Japan mengi yana redio zenye kikadi cha kumbukumbu, na kikadi hicho ni kidogo, huchomolewa bila ya kuacha alama, na kikikosekana redio nyingine hazifanyi kazi. Wengi huja kugundua nyumbani, wakati hakuna tena wa kuulizwa. Vioo vya pembeni, kofia za magurudumu, betri. Kilichoibiwa na kilichovunjika viandike mbalimbali, kwa sababu bima nyingine hulipa kuvunjika na hailipi wizi wa vifaa kimoja kimoja.

Kisha italetwa karatasi ya kupokelea gari. Soma kabla ya saini. Karatasi hizo kwa kawaida husema umepokea mzigo katika hali nzuri, na saini yako tupu chini ya maneno hayo itasomwa dhidi yako. Andika kwa kalamu palepale juu ya saini: "Limepokelewa likiwa na bampa la mbele lililopasuka kushoto na taa ya ukungu ya kushoto iliyong'oka." Tia tarehe na saa, piga picha karatasi hiyo. Karani akikataa usiandike, usigombane naye. Andika barua fupi yenye maneno hayohayo, peleka nakala ofisi ya wenye chombo na nyingine ofisi ya Shirika la Bandari, na usiondoke bila muhuri wa kupokelewa.

Haraka hii ina sababu. Hati nyingi za shehena za baharini hufuata Kanuni za Hague za mwaka 1924. Kwa kanuni hizo, uharibifu unaoonekana huarifiwa kwa maandishi wakati wa kupokea mzigo; usioonekana, ndani ya siku 3. Ukichelewa haki haifi, lakini mzigo huhesabiwa ulifika salama mpaka wewe uthibitishe vingine. Kesi dhidi ya mwenye meli nayo ina mwaka 1, kisha mlango hufungwa. Na hata kama fedha utalipwa na kampuni ya bima, kampuni hiyo itataka kumgeukia mwenye chombo baadaye. Ukiwa umeipotezea haki hiyo kwa saini ya haraka, inaweza kukukatalia.

Polisi na sheha

Ajali ya barabarani haina njia ya mkato: waite askari wa usalama barabarani, gari lisisogezwe mpaka wapime, na aliyeumia apewe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kwanza kabla ya mambo ya bampa. Kutoka polisi utahitaji ripoti ya ajali, mchoro wa tukio na ripoti ya ukaguzi wa gari. Kwa kuwa gari halina namba, simama karibu na anayeandika uhakikishe chasisi inaandikwa yote. Ripoti inayosema "gari jeupe lisilosajiliwa" inaweza kuwa ya gari lolote.

Askari atauliza kwa nini gari lisilosajiliwa lilikuwa barabarani. Sema kweli. Kama lilikuwa linapelekwa kwenye ukaguzi au ofisi ya Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), ambayo ndiyo inayosajili magari, na kavanoti ipo, toa karatasi. Kama lilikuwa linapelekwa harusini Konde, dai lako liko hatarini: mikataba ya bima ya gari kwa kawaida inataka gari litumike kwa mujibu wa sheria na kwa matumizi yaliyoandikwa. Hata hivyo usijikatie tamaa wala usibuni safari nyingine. Soma kifungu chenyewe, na utazame kama kutosajiliwa kuna uhusiano wowote na kilicholiharibu gari. Gari lililoungua moto uani halikuungua kwa kukosa kibao. Hoja hiyo ina nguvu, itoe kwa maandishi. Uongo, ukigundulika, huua dai zima, pamoja na sehemu yake iliyokuwa halali.

Tukio likiwa la nyumbani, kama mnazi kuangukia boneti au maji kuingia usiku, nenda kwa sheha siku hiyohiyo. Barua yake ikitaja shehia, siku, saa na alichokiona kwa macho yake ina thamani kubwa, kwa kuwa ni mtu wa serikali asiye na faida katika dai lako. Ila haishiki nafasi ya ripoti ya polisi pale kampuni inapoitaka.

Barua ya taarifa

Toa taarifa kwanza, nyaraka zifuate. Mikataba huweka siku chache za kuarifu, na anayengoja akamilishe kila kitu hujikuta amepitwa. Simu ipige, lakini barua ndiyo inayohesabika. Inaweza kuwa fupi hivi:

"Mimi ni mmiliki wa gari aina ya Toyota IST, rangi nyeupe, lenye namba ya chasisi (iandike yote), ambalo bado halijasajiliwa. Gari lina bima kwenu kwa cheti cha shehena namba (iandike). Tarehe 14 mwezi huu, saa 10 jioni, likishushwa bandari ya Mkoani, bampa la mbele na taa ya ukungu ya kushoto viliharibika. Gari liko Chake Chake, halijatengenezwa, na linaweza kukaguliwa wakati wowote. Natoa taarifa ya hasara hiyo na naomba fomu ya madai."

Basi. Usimhukumu mtu wala usitaje fedha. Vyote vina wakati wake. Shirika la Bima la Zanzibar, ZIC, lililoanzishwa mwaka 1969, lina ofisi Chake Chake, na kampuni nyingine huwa na mawakala. Barua ukimpa wakala, tuma nakala makao makuu pia, maana wakala akiikalia ni wewe unayehesabiwa umechelewa. Waliojiunga na bima ya takaful nao wafuate njia hiihii: mfuko ni wa michango ya pamoja, lakini hasara huthibitishwa kwa karatasi zilezile.

Jina la nani?

Hapa ndipo gari la Pemba huwa na kisa chake. Ankara ina jina la kaka aliyeko Muscat, hati ya shehena ina jina la wakala wa forodha wa Unguja, kavanoti ina jina lako, na pesa zilitumwa kwa simu ya shemeji. Gari lenye kadi ya usajili humaliza mjadala kwa kadi. Lako halina kadi, kwa hiyo mnyororo wa karatasi ndio kadi yako: ankara, hati ya shehena, cheti cha Japan cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirishwa nje, hati ya forodha na risiti za ushuru, uthibitisho wa benki, tiketi ya gari ya kuvukia.

Kila majina yanapotofautiana weka karatasi ya kuyaunganisha. Kama kaka alinunua akakuuzia au akakupa zawadi, andikianeni hati, ishuhudiwe na wakili, na iwe na tarehe ya kweli. Kama gari bado ni lake, basi mwenye hasara ni yeye, akupe hati ya uwakala udai kwa niaba yake. Wakala wa forodha aandike barua kwamba jina lake liko kwenye shehena kwa kazi ya kutoa mzigo tu. Fanyeni haya kabla ya hasara kama mnaweza. Hati ya mauziano iliyoandikwa siku ya pili baada ya ajali itatiliwa shaka hata ikiwa ya haki.

Mkadiria, gereji na hesabu

Usitengeneze kabla ya ukaguzi. Mkadiria pengine atatoka Unguja, na kungoja kunachosha, lakini gari lililokwishanyooshwa bodi halina cha kukadiriwa. Hata hivyo una wajibu wa kuzuia hasara isiongezeke: kioo kilichovunjika kifunike kwa turubali, betri iliyoingia maji ichomolewe, gari livutwe kutoka bondeni. Piga picha kabla na baada, weka risiti ya kuvutia gari. Gharama hizo za busara ni sehemu ya dai.

Chukua makisio ya gereji mbili. Makisio yawe na kila kifaa na bei yake, na ufundi na rangi peke yake. Karatasi inayosema "matengenezo yote milioni mbili" haina maana kwa mkadiria. Vifaa vibovu vilivyotolewa vihifadhi mpaka ulipwe.

Usishangae ukilipwa pungufu ya makisio. Karibu kila bima ina kiasi cha mwanzo kinachobaki kwako. Kubwa zaidi ni thamani uliyoitaja wakati wa kukata bima. Tuseme gari lina thamani ya Sh 12,000,000, nawe ili kupunguza ada ukaandika Sh 8,000,000. Hasara imekuja ya Sh 3,000,000. Mkataba ukiwa na kifungu cha uwiano, utalipwa theluthi mbili, yaani Sh 2,000,000, kisha kikatwe hicho kiasi cha mwanzo. Wengine huandika ndogo forodhani na kubwa kwenye bima. Kampuni ina haki ya kuomba hati ya forodha, na tofauti hiyo utaitolea maelezo wewe.

Mwisho italetwa hati ya kukubali malipo. Husema kiasi hicho ni kamili na cha mwisho. Kama injini bado inagonga na haijafunguliwa, usitie saini kwa ajili ya bampa tu.

Uligongwa na mwingine

Gari lako lisilo namba likiwa limeegeshwa, daladala ikarudi nyuma ikaliponda, unadai kwa bima ya daladala. Pale hukuwa mteja wao na hawana mkataba nawe wa kukuvunjia. Kutosajiliwa hakumpi dereva yule ruhusa ya kukuponda. Chukua namba ya gari lake, namba ya stika, jina la kampuni, na matokeo ya polisi kuhusu mkosa. Itakubidi uthibitishe umiliki kama nilivyoeleza. Bima ndogo huwa na kikomo cha uharibifu wa mali. Kilichozidi unamdai mwenye gari mwenyewe.

Wakikataa au wakinyamaza

Omba kukataliwa kwa maandishi, na kifungu kitajwe. "Gari halina namba" si kifungu. Kampuni ikinyamaza, andika ukitaja tarehe uliyokamilisha nyaraka. TIRA imekuwa ikizikumbusha kampuni zilipe ndani ya siku 45 tangu nyaraka kukamilika, na ndiyo maana kila karatasi unayopeleka igongwe muhuri kwenye nakala yako. Ikishindikana, peleka lalamiko TIRA, yenye ofisi Zanzibar, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na sheria hiyohiyo ya 2009 ili mtu wa kawaida asilazimike kuanzia mahakamani. Watauliza kwanza kama uliiandikia kampuni.

Bado kuna fedha moja ambayo wengi huiacha. Kama gari liliharibika safarini, au likiwa bado chini ya forodha, na ushuru umeshaulipa kamili, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu kuomba kurejeshewa ushuru kwa kiasi cha hasara. Maombi hupelekwa TRA ndani ya miezi 12 tangu ulipolipa, na yanahitaji ushahidi uleule uliompa mkadiria. Wakala wako wa forodha anaijua njia. Mwulize kabla hujamlipa salio lake.

Gari likishapona na kupata kibao cha Z, rudi kwa kampuni siku hiyohiyo namba mpya iingizwe kwenye bima na kwenye mfumo wa TIRA, maana kavanoti ya chasisi ina siku zake na hazingoji.